Fremu Iliyokohoa: Kavuo Maliro na baiskeli za chanjo za Butembo

BUTEMBO, 2001 — Umande bado unadondoka kutoka kwenye mabati, na Kavuo Maliro ameshapiga magoti juu ya gunia, mbele ya baiskeli nyeusi iliyogeuzwa magurudumu juu. Hajaigusa. Anamtazama kwanza mwenye baiskeli.

“Vua shati, Docta.”

Ésaïe ni muuguzi, lakini mtaa mzima wa Furu humwita Docta. Anacheka kwa haya. Mkewe, Léa, amesimama karibu na ukuta, mtoto mgongoni.

“Mama Kavuo, mugonjwa ni kinga, hapana miye.”

“Najua. Lakini kinga haisemaka nani aliipiga. Mwili njo inasemaka. Vua.”

Kinga ndiyo baiskeli, kwa lugha ya huku. Na kazi ya Kavuo, mama wa makamo mwenye viganja vipana na kitambaa cha kichwa kisicholegea, ni kuzikagua zilizoanguka. Hatengenezi. Yeye anasema tu: hii itakubeba, hii itakuua.

Kabla ya vita zilikuwa zikiletwa mbili, tatu kwa juma. Sasa malori yameadimika, na maharage, mafuta ya mawese, wagonjwa na hata majeneza yanasafiri kwa nguvu za miguu kati ya Butembo na Beni. Barabara imebomoka, mabonde yamejaa matope, watu wanakimbia ovyo wakisikia mlio wa bunduki. Siku hizi haipiti siku bila mtu kuja akiikokota yake. Malipo ni kipimo cha maharage, chumvi, au siku moja ya kumlimia shamba. Wengine hulipa ahadi, “na ahadi haiivake kwenye chungu,” anasema Kavuo.

Ésaïe anavua shati. Ubavu wake wa kulia umevilia damu, rangi ya zambarau mpaka karibu na kwapa. Kiganja cha kulia kina vijiwe vilivyobaki ndani ya ngozi.

“Ulianguka namna gani?”

“Nilitereza ku matope, mbele ya Maboya. Upande wa kushoto. Pole pole tu, mama.”

Kavuo anautazama ubavu wa kulia, kisha anautazama uso wa Ésaïe. Anavuta beseni la maji ya sabuni na kuanza kuosha.

Baiskeli hii si kama nyingine. Parokia moja ya ng’ambo ilikusanya baiskeli kuukuu za waumini wake, zikapitia Uganda hadi hapa, na ndani ya shehena hiyo zilikuwamo chache nyeusi, nyembamba, za watu wa mashindano. Si za chuma. Ni nyuzi za kaboni zilizofumwa kama kitambaa, zikalowekwa gundi, zikakauka na kuwa ngumu kama pembe. Mtoto wa shule anaweza kuinua moja kwa mkono mmoja.

Watu waliziona mzaha. Wabeba mizigo hawakuzitaka. Lakini Ésaïe aligundua faida ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuiota. Kwenye vizuizi, wenye bunduki huchukua baiskeli ya chuma bila kuuliza jina la mwenyewe. Hii nyeusi waliinyanyua, wakaigonga kwa kucha, wakaangua kicheko. “Plastike! Kinga ya batoto!” Wakamrudishia. Tangu siku hiyo haing’arishi hata kidogo, na penye matope anaiweka begani kama jembe na kuendelea.

Ndiyo maana leo amekuja na sura ya mtu aliyeleta mzazi hospitali. Chanjo ya surua imefika jana kwa ndege ndogo. Barafu ndani ya sanduku itashikilia mpaka kesho jioni. Ng’ambo ya Kalunguta kuna vijiji ambako surua imeingia nyumba kwa nyumba. Mama mmoja amezika wawili katika juma moja. Juzi Ésaïe alikwenda kuwaambia watu wakae tayari, na alipokuwa akirudi ndipo alipoanguka.

“Kama haiko hii, itakuwa kinga ya chuma,” anasema. “Na kinga ya chuma inaishia ku barrière ya kwanza, pamoja na sanduku.”

* * *

Kavuo hakufundishwa kazi hii na mtu wa baiskeli. Mama yake aliuza vyungu kule Lubero. Mfinyanzi alipoleta vyungu vyake, mama aliviweka juu ya majani na kuvigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, macho yamefumbwa. Chungu kizima kinaimba. Chungu chenye ufa kinakohoa.

“Mama alikuwa anasema: macho yanapendaka rangi, sikio haipendake kitu,” anakumbuka.

Aliolewa na Salomon, mchomeleaji wa vyuma, na akaanza kuligonga kila bomba lililoletwa uani kwa mumewe. Kwa bomba la chuma ana dawa yake nyingine: analipaka mafuta ya taa, analifuta likauke, kisha analinyunyizia unga wa muhogo. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani huchungulia tena, na unga unachora mstari wenyewe.

Kaboni aliijua kwa kosa la mumewe. Mwaka jana baiskeli nyeusi ya kwanza ilipopasuka, mwenyewe aliileta kwa Salomon, na Salomon akavaa miwani yake ya giza, akaiwekea moto.

“Nilitegemea itayeyuka kidogo, niiunge,” anasimulia Salomon, akijikuna kisogo.

“Eleza vizuri, Baba Muyisa,” Kavuo anamchokoza, akimwita kwa jina la mtoto wao. “Iliwaka kama mushumaa ya Pasaka. Nikamwambia: we, unachoma nguo ya batu!”

Na kweli ilikuwa nguo. Gundi ilipoungua, zilibaki nyuzi nyeusi zilizosukwa kama mkeka. Kavuo alivichukua vipande ambavyo moto haukuvifikia. Kwa majuma mengi, baada ya kupalilia, alivipiga kwa jiwe, akavigonga, akavisikiliza, akavikata, akachungulia ndani. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba kaboni haikunjiki kama chuma. Inaweza kupasuka tabaka la ndani na nje ikabaki inang’aa, bila alama hata ya unywele.

Salomon anatikisa kichwa. “Kinga moja nilichoma, na yeye akapata masomo.”

* * *

Baiskeli imekauka. Kavuo anapitisha kipande cha soksi ya nailoni juu ya kila bomba, taratibu, akingojea kama kitanasa kwenye uzi uliochomoza. Hakinasi. Anachukua sarafu ya makuta, pesa ya zamani ambayo hainunui tena hata kiberiti, na kuanza kugonga.

Ti, ti, ti, ti. Anasogea upana wa kidole, anagonga, anasogea tena. Uma wa mbele, ule unaolishika gurudumu, unaimba toka juu hadi chini. Bomba la juu linaimba. Ésaïe anaanza kufunga vifungo vya shati.

Kisha Kavuo anaingia kwenye bomba la chini, lile linaloshuka kutoka shingoni hadi kwenye pedeli. Ti, ti, ti. Tu.

Anarudi nyuma. Ti. Anasogea. Tu.

Anagonga pale tena na tena, akizunguka pembeni mpaka ameijua mipaka ya sauti ile. Anaizungushia chaki. Duara linatosha kufunikwa na kiganja cha mtoto, upande wa chini wa bomba, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kupaona. Rangi ni nzima kabisa.

“Docta,” anasema bila kuinua uso, “matope haipigake chini ya tumbo. Jiwe njo inapiga. Na jiwe haiwezi kufika huku kama kinga haikuruka.”

Ésaïe anamtazama Kavuo, halafu anamtazama Léa.

“Balipiga risasi nyuma yangu,” anasema hatimaye. “Niliruka mufereji. Kinga haikufika ng’ambo.”

Léa hapandishi sauti. “Uliniambia ni matope.”

“Nilisema matope juu ulale.”

“Sikulala vilevile.”

Waendesha baiskeli wengi humdanganya Kavuo. Mbeba mzigo aliyeanguka hupoteza wateja, kwa hiyo husema aliigonga ukutani akiigeuza. Kijana aliyekuwa amelewa kasiksi, ile pombe ya ndizi, husema ni mbuzi. Kavuo amewazoea, ndiyo maana huanza na vidonda. Lakini uongo wa leo ulikuwa wa mtu anayetaka mkewe apate usingizi, na Kavuo, ambaye naye amewahi kumngojea mtu wa barabarani, hausemi tena.

“Mama,” Ésaïe anachuchumaa karibu yake. “Safari moja tu. Kwenda, kurudi. Nikirudi naiacha, nakuapia.”

“Itakatika wakati unashuka. Usukani itabaki mu mikono yako, kinga yenyewe itaenda njia yake.”

“Lakini hata ufa haionekane! Na kule batoto…”

“Najua kule kuko batoto. Na batoto bako ngambo ya muteremko. Ukivunjika shingo pale, sanduku inalala mu majani na barafu inayeyuka. Watachanjwa na nani? Na mimi?”

Kwenye boriti za jiko la Kavuo, lililo wazi upande wa ua, inaning’inia fremu nyingine nyeusi, ndugu wa hii. Ni ya Kahongya, katekista, ambaye alianguka nayo mwanzoni mwa mvua na uma wake wa mbele ukakatika kama muwa. Fremu yake haijakaguliwa, kwani bila uma haina kazi. Kila mtu uani ameitazama sasa, na kila mtu amewaza lilelile.

Kavuo anasimama, anaingia ndani, anatoka na msumeno.

“Mama Muyisa!” Salomon anashtuka. “Ngoja kwanza. Tumuite Kahongya. Kama atakataa? Kama na ya kwake ni mufu?”

“Kama atakataa, hii itaanza kuonekana nzuri. Saa sita itakuwa nzuri kidogo. Jioni itakuwa nzuri sana. Ushike huku.”

Salomon anashika. Kavuo anafungua uma, magurudumu, mnyororo, anaviweka kando juu ya gunia, kisha anakata fremu katikati ya duara la chaki. Ésaïe amegeuka, ameweka mikono kichwani. Msumeno unalia, vumbi jeusi linamwagika, na Kavuo amefunga pua kwa kitambaa kwa sababu vumbi lile linawasha mapafu.

Bomba linaachana. Léa ndiye wa kwanza kuinama. Ndani, matabaka yamefunguka kama kurasa za kitabu kilichoanguka majini. Anaingiza ukucha, unapita. Anamshika mumewe kiwiko na kumvuta aone. Ésaïe anaona, anatazama muda mrefu, kisha anakaa chini.

“Aksanti,” anasema kwa sauti ndogo.

“Hapana kunishukuru. Sasa hauna kinga,” anajibu Kavuo. “Baba Muyisa, kimbia kwa katekista.”

* * *

Kahongya anaingia uani akiwa na viatu vyenye matope hadi kwenye kamba. Ni mrefu, na sauti yake imezoea makanisa yasiyo na vipaza sauti.

“Mumeniita kwa mazishi ao kwa ndoa?”

“Ndoa,” anasema Kavuo, akionyesha fremu pale juu, kisha uma ulio kwenye gunia. “Cadre ni yako, fourche ni ya Docta.”

“Na mahari?”

Wanamweleza. Kicheko kinamwishia usoni polepole. Katekista huyu ana makanisa madogo milimani, na tangu uma wake ukatike anayaendea kwa miguu. Mengine hajayaona tangu mvua zianze.

“Muone vile mambo iko,” anasema. “Mi nangoja fourche mupaka wakristo wangu wamesahau uso yangu. Leo fourche inapatikana, na mimi njo nitoe cadre? Juu ya nini yeye asinipe fourche, nikamubebea hizo dawa?”

“Unajua kupiga sindano?” Ésaïe anauliza.

“Nitajifunza njiani.”

Hata yeye mwenyewe anajua ni mzaha. Lakini hakubali bado, anaitazama fremu yake pale juu. Léa anasogea mbele, akimtikisa mtoto mgongoni.

“Katekista, huu mwezi umezika batoto bangapi?”

Kahongya anafungua kiganja. Anakunja kidole, anakunja cha pili, anakunja cha tatu. Kisha anaushusha mkono.

“Hapana kunihesabisha, mama,” anasema. Anajikohoza. “Basi. Siku ya Mungu, kinga ni yangu. Siku zingine ni ya sindano. Na mipira yangu hamukate.”

“Mipira njo naanza nayo,” Kavuo anamjibu, ameshapanda juu ya kigoda.

Hapo panazuka ubishi wa kweli. Kila mbeba mzigo wa huku huvika fremu yake vipande vya mpira wa tairi la ndani, ili kamba zisiikwangue. Kisha hufunga gunia, huchomeka kijiti katika kamba na kukizungusha mpaka mzigo unalia. Chuma hukivumilia kijiti. Kaboni hubonyea kimyakimya, bila hata kuanguka. Kavuo amekuta fremu mbili zilizouawa namna hiyo na wenye kuzipenda.

“Nilibebea padri maharage tu!” Kahongya anajitetea.

“Na kijiti?”

Katekista anatazama pembeni. “Kidogo.”

“Kidogo ya nani?”

Kisu kinapita, mipira inaanguka mmoja mmoja. Kahongya anaiokota na kuikunja mfukoni. Kavuo anagonga. Ti, ti, ti, bomba la juu. Ti, ti, ti, bomba la chini, mpaka pale palipokuwa pamefungwa mpira mnene kuliko yote.

Tu.

Kavuo anagonga tena. Tu. Ésaïe anafumba macho. Salomon anaanza kusema kitu na mkewe anamnyamazisha kwa kidole.

Anausogeza uso wake kwenye bomba mpaka pua inagusa. Anakwaruza kwa ukucha. Palipokuwa chini ya mpira, matope ya mlima yamekauka na kuwa ganda, rangi ileile nyeusi. Anadai maji ya moto. Anaosha, anasugua kwa kitambaa, anakausha, anasubiri. Hana haraka, Ésaïe ndiye anayezunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anabonyeza kwa dole gumba: pagumu. Anapitisha soksi: hainasi. Anagonga.

Ti.

Anazunguka bomba lote. Ti, ti, ti, ti. Anairudia fremu nzima kutoka mwanzo, na safari hii anamwita Léa apige magoti kando yake asikilize.

“Inaimba,” anasema Léa.

“Inaimba,” anakubali Kavuo.

Salomon anaunganisha: fremu ya katekista, uma na magurudumu ya muuguzi. Parokia ile ya ng’ambo ilituma mbili zinazofanana, na vinaingiana kama kifuniko na sufuria yake. Wanaifungia gunia la mahindi kwenye kibebeo cha nyuma, bila kijiti.

“Baba Muyisa, panda. Shuka nayo mupaka ku kisima.”

“Juu ya nini mimi?”

“Uko muzito, na ulichoma ya kwanza.”

Salomon anashuka mlima huku watoto wa majirani wakimshangilia, anaruka mashimo, anarudi akiisukuma na jasho hadi shingoni. Kavuo anaipindua na kuigonga upya yote.

Kesho yake, ukungu ukiwa bado umekaa mabondeni, Ésaïe aliondoka na sanduku la barafu mgongoni. Léa alimsindikiza hadi mwisho wa nyumba. Hakumwambia awe mwangalifu. Alimwambia, “Ukianguka, rudi na uniambie umeanguka namna gani. Ya kweli.”

* * *

Alirudi siku ya tatu, sanduku tupu. Kwenye kizuizi waliinyanyua tena ile baiskeli, wakacheka tena. Kwenye mteremko wa Maboya ilimbidi ashike breki mpaka vidole vikafa ganzi, na fremu haikutoa hata mlio. Watoto walipanga mstari tangu kanisani hadi barabarani. Chanjo iliisha kabla ya mstari. Kwa hiyo atarudi, juma hili, barafu nyingine ikifika.

Kwa Kavuo, habari hiyo haikuwa ya kufurahia tu. Baiskeli za chanjo, za wakristo, za wabeba mawese zinaangukia Kalunguta, zinaangukia njia ya Mutwanga, na sikio liko Butembo. Mtu aliyeanguka mbali hawezi kuikokota mpaka Furu. Ataipanda tu hivyo ilivyo.

“Nataka mwanamuke moya kule Kalunguta, na moya Beni, pale Bungulu,” anasema. “Sitafuti mutu ya nguvu. Natafuta mutu mwenye akisema hapana, anabaki pale pale ku hapana, hata bakimulilia. Kusikia, nitamufundisha.”

Wa kwanza ameshampata. Kila alasiri, akitoka shambani, Léa huja na kijiko chake cha nyumbani, anakaa juu ya gunia na kugonga mapande ya ile fremu iliyokatwa. Kavuo humfumba macho kwa kitambaa na kumgeuzia vipande: kizima, kilichokufa, kizima. Mwanzoni alikosea kimoja kati ya viwili. Sasa anakosea mara chache, na akikosea anakasirika mwenyewe kabla ya kuambiwa. Dada yake ameolewa Bungulu. Barabara ikitulia kidogo, Léa atakwenda kukaa naye mwezi mmoja na kufundisha wengine wawili.

Leo barafu imefika. Ésaïe yuko uani na sanduku mgongoni, mguu mmoja umeshavuka fremu. Katekista amekuja kuiaga nusu yake ya baiskeli. Kavuo amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage, mikono yake haina sarafu wala soksi.

Léa amepiga magoti chini ya bomba la chini, shavu karibu na tope.

“Mama Kavuo, ulisikiliza jana,” Ésaïe anasema. “Jua inapanda. Niende?”

Kavuo hainui macho kutoka kwenye ungo. “Uliza mwenyewe anayekagua.”

Kijiko kinagonga, kinasogea, kinagonga.

“Shuka, baba,” Léa anasema. “Siyamaliza bado.”

Muuguzi anashuka.